Karamojo Bell, mwindaji wa tembo aliyeamini risasi ndogo

Tangu tulipozungumzia silaha za majangili katika kipindi chetu, wasikilizaji wa Kisesa hawajatuacha. Wanauliza kama ni kweli bunduki inaweza kupigwa porini na askari wa wanyamapori aliye kilima cha pili asisikie kitu. Wanauliza pia kama risasi ndogo, tena iliyopunguzwa baruti ili isipige kelele, inaweza kumwangusha mnyama mkubwa kama tembo.

Tungeweza kujibu kwa maneno machache tukaishia hapo. Lakini swali hili la uzito wa risasi na mlio wake lina mtu wake, na mtu huyo alizunguka Afrika Mashariki yetu kwa miaka mingi. Ni Walter Dalrymple Maitland Bell, Mskoti, anayejulikana zaidi kwa jina la Karamojo Bell. Aliua tembo 1,011, na wengi wao, takriban 800, aliwaua kwa bunduki ambayo wawindaji wenzake waliiona ni ya kupigia swala.

Kwa watu wa Kisesa habari za wawindaji wa tembo si ngeni. Ukitembelea Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, yaliyoanzishwa na Padre David Clement miaka ya 1950, utasikia habari za bayege, chama cha wawindaji wa tembo waliokwenda porini na mishale ya sumu. Upinde hauna mlio. Mnyama aliyepigwa hukimbia, wenzake hubaki hawajui kilichotokea, na mwindaji hufuata nyayo hadi sumu ifanye kazi yake.

Kisha likaja gobore. Wazee wanaolikumbuka wanajua kazi yake: unamimina baruti kwenye mdomo wa mtutu, unashindilia kwa mdeki pamoja na kitambaa, unatia gololi ya risasi au kipande cha chuma, halafu unaweka fataki. Kipimo cha baruti alikijua mwenyewe. Akipunguza, gololi hutoka bila nguvu. Akizidisha, mtutu humpasukia usoni. Kwa maneno mengine, kila mwenye gobore alikuwa akijitengenezea risasi zake kila alipotaka kupiga. Wanaojaza risasi nyumbani siku hizi huko Marekani na Ulaya, kwa mizani ndogo na mashine ya mezani, wanafanya kazi ileile kwa usahihi zaidi: wanachukua ganda la shaba lililotumika, wanabadilisha fataki, wanapima baruti, wanakaza kichwa kipya cha risasi.

Yatima aliyetaka Afrika

Bell alizaliwa Septemba 1880 karibu na Edinburgh, katika familia yenye mali na watoto wengi. Mama yake alifariki akiwa bado mdogo sana, na baba akafuata Bell akiwa na miaka 6 hivi. Alilelewa na kaka zake, na kwa maelezo yake mwenyewe hakuwa mtoto wa kulelewa kwa urahisi. Shule zilimshinda. Akiwa na miaka 13 alikuwa tayari baharini kama mwanagenzi wa meli, akafika hadi Tasmania. Kichwani alikuwa na jambo moja tu, kuwinda tembo Afrika, na hatimaye jamaa zake walichoka wakamwachia.

Mwaka 1897 alishuka Mombasa akiwa kijana wa miaka 16. Reli ya Uganda ilikuwa imeanza kujengwa mwaka mmoja kabla, na simba walikuwa tatizo kubwa kwa vibarua. Bell akapata kazi ya kuwapiga simba hao. Bunduki yake ilikuwa ya risasi moja, .303, iliyotengenezwa Scotland. Kwenye baridi ya kwao ilifanya kazi vizuri. Kwenye joto la bara, maganda yalivimba na kukwama baada ya kupigwa, na kijana akajikuta mbele ya simba na chuma kisichofunguka. Akaibadilisha kwa bunduki nyingine ambayo vichwa vyake vya risasi vilikuwa na tundu mbele, vikapasuka juu juu bila kupenya.

Hapa ndipo tunapoona alikojifunzia somo lililomwongoza maisha yote. Watu wengi wakizungumzia bunduki huzungumzia bunduki yenyewe. Bell, tangu miaka 17, alizungumzia risasi: ganda linatoka au halitoki, fataki inawaka au inachelewa, kichwa kinapenya au kinavunjika.

Kutoka hapo alikwenda Yukon, kaskazini mwa Kanada, kwenye homa ya dhahabu. Dhahabu hakuipata. Alipiga wanyama na kuuza nyama kwa wachimbaji wa Dawson, mshirika wake akatoweka na fedha zote, naye akabaki na bunduki tu. Akaiuza, akajiunga na kikosi cha Kanada kilichokwenda kupigana vita vya Makaburu Afrika Kusini. Huko alitekwa, akatoroka. Mwaka 1902, vita ilipokwisha, alikuwa na miaka 21 na njia ya kurudi Afrika Mashariki ilikuwa wazi.

Karamoja

Misafara ya pembe wakati huo ilianzia Mumias, magharibi mwa Kenya ya leo, ikielekea kaskazini hadi Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda. Wafanyabiashara wa Kiswahili walishafika huko kabla yake. Walikuwa na kituo Mani-Mani, walinunua pembe kwa ng'ombe, na walijua visima vilipo. Bell hakuwa mgunduzi, ingawa vitabu vya Kizungu vilivyoandikwa baadaye vinapenda kumweka hivyo. Aliingia katika biashara iliyokuwepo, akiwa na tofauti moja: wenzake walinunua pembe, yeye alikwenda kuzipiga mwenyewe.

Alikuwa na akili ya biashara pia. Alitangaza kwamba atakayemletea habari ya tembo dume wenye pembe kubwa, na tembo wakapatikana, atapewa ng'ombe. Kwa Wakaramoja, kama kwa Wasukuma, ng'ombe si kitu cha kupuuza. Habari zikaanza kumiminika. Nyama ya tembo waliopigwa ilikuwa ya wenyeji, naye alichukua pembe. Mmoja wa Wakaramoja hao, Pyjale, akawa mfuata nyayo wake na mwenzi wake wa karibu porini. Tukisoma kwa makini yale aliyoyaandika Bell juu yake, ni vigumu kukwepa wazo kwamba nusu ya sifa za Karamojo Bell ni za Pyjale.

Alikaa Karamoja miaka mitano hivi, na ndiko jina lilikotoka. Kwa hesabu yake, kila tembo dume alimgharimu mwendo wa wastani wa kilomita 117 kwa miguu, na kwa mwaka alichakaza jozi 24 za viatu. Wapagazi waliobeba mzigo wa pembe hawakuandika vitabu, kwa hiyo hatuna hesabu ya miguu yao. Usukuma na Unyamwezi wanaijua kazi hiyo: kwa karne nzima ya 19, pembe kutoka bara zilifika Bagamoyo juu ya mabega ya babu zetu.

Risasi ya gramu 11

Sasa tuje kwenye kiini cha maswali yenu. Wawindaji wa tembo wa enzi hizo walibeba bunduki nzito za mitutu miwili. Ile ya .577 ilikuwa na uzito wa kilo 6 hivi, na kichwa cha risasi yake kilikuwa na gramu zipatazo 48. Bell alichagua Rigby .275, ambayo ni Mauser ya milimita 7 kwa jina lingine. Kichwa chake kilikuwa na gramu 11 na kidogo, kirefu, chenye ncha ya mviringo, kimevikwa koti gumu la chuma ili kisivunjike kinapokutana na mfupa. Alitumia pia Mannlicher ya milimita 6.5, nyepesi zaidi.

Tukipiga hesabu, risasi ya .577 ilitoka na nishati ya zaidi ya jouli 9,000. Ya Bell haikufika 3,000. Iliwezekanaje basi?

Kwanza, baruti ilikuwa imebadilika. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyotoa moshi, yenye nguvu kuliko baruti nyeusi ya gobore. Risasi nyembamba ikaweza kusukumwa kwa mita 700 kwa sekunde, na kitu chembamba, kirefu na kigumu kikienda kwa kasi hiyo hupenya mbali. Pili, Bell alichukua fuvu la tembo akalikata kwa msumeno katikati ili aone ubongo umekaa wapi. Ubongo wa tembo ni mdogo ukilinganisha na kichwa chake, umezungukwa na mfupa wenye matundu kama sega la nyuki, na ukimtazama kutoka pembe tofauti mahali pa kulenga hubadilika. Alichora, akakariri, akafanya mazoezi ya kulenga kila siku bila risasi huku akitembea. Inasimuliwa kwamba alipokuwa na shehena ya risasi za .318 asizoziamini, alizimaliza kwa kuwapiga mnandi wakiruka juu ya ziwa, na watu waliomwona wakadhani anatumia bunduki ya marisau.

Sababu ya tatu ndiyo inayohusu mlio. Bell alieleza kwamba bunduki ndogo haikuwatimua tembo kama ngurumo ya bunduki kubwa. Mmoja akianguka kwa kupigwa kwenye ubongo, hufa papo hapo bila kulia wala kukimbia. Wengine husikia mlio mfupi, mkavu, wasijue umetoka wapi, wakasimama. Ndiyo maana aliweza kupiga kadhaa katika kundi moja. Ni faida ileile waliyokuwa nayo bayege na mishale yao, isipokuwa mshale haukuua mara moja.

Je, hakutaka kunyamazisha kabisa? Kifaa kilikuwepo. Mwaka 1909 Mmarekani Hiram Percy Maxim alipata hataza ya kiwambo cha kuzuia sauti. Baba yake, Hiram Maxim, ndiye aliyebuni bunduki ya rashasha iliyobeba jina lao, ile ambayo Lugard aliitumia Mengo mwaka 1892 katika vita vya Buganda. Baba aliipa dunia mlio, mwana akajaribu kuuondoa.

Lakini kiwambo kinashughulikia nusu ya kelele tu. Mlio wa bunduki una vyanzo viwili. Cha kwanza ni gesi ya baruti inayoruka kwa nguvu kwenye mdomo wa mtutu, na hiyo kiwambo huipoza na kuipunguza kasi kwa vyumba vidogo vilivyomo ndani yake. Cha pili ni risasi yenyewe. Sauti husafiri hewani kwa mita 340 hivi kwa sekunde. Chochote kinachopita kasi hiyo hupasua hewa na kutoa mlio kama wa mjeledi, njia nzima kinamopita. Risasi ya Bell ilikwenda mara mbili ya kasi ya sauti. Hata angeweka kiwambo, mlio wa mjeledi ungebaki.

Ndiyo sababu wanaotaka bunduki ya kimya kweli hupunguza baruti ili risasi ibaki chini ya kasi ya sauti. Na hapo ndipo hesabu inapowageuka. Nishati hufuata mraba wa kasi: ukipunguza kasi kwa nusu, nishati inabaki robo. Risasi ya gramu 11 ya Bell ikipunguzwa hadi mita 330 kwa sekunde inabaki na jouli 600 tu, kiasi cha kumfaa mnyama mdogo kwa karibu. Mbele ya fuvu la tembo ni kujitafutia kifo. Risasi nyepesi inayokwenda polepole ni tulivu kwa sababu imeacha kazi. Kuna hatari nyingine pia, ileile ya gobore: baruti ikiwa kidogo mno, kichwa cha risasi kinaweza kukwama ndani ya mtutu, na atakayepiga ya pili juu yake atajuta.

Kwa hiyo jibu kwa wasikilizaji wetu ni hili: askari wa kilima cha pili atasikia, isipokuwa silaha iwe dhaifu kiasi cha kutomfaa jangili wa tembo. Kinachomsumbua askari ni kwamba kiwambo humnyima mwelekeo. Anasikia mjeledi wa risasi bila kujua mtutu uko wapi. Na wanaotaka kuua tembo kimyakimya kweli, imeripotiwa hapa nchini, hawajishughulishi na bunduki. Hutega maboga yenye sumu.

Rubani juu ya Tanganyika

Baada ya Karamoja, Bell alihamia Lado, ukanda wa magharibi mwa mto Nile uliokuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Leopold alipokufa Desemba 1909 ukanda huo ulitakiwa kukabidhiwa Sudan, na makabidhiano yakafanyika mwaka 1910. Wawindaji kutoka kila upande waliuvamia kama duka lisilo na mwenyewe. Bell alikuwa miongoni mwa waliovuna zaidi. Alikwenda pia Ethiopia, Liberia, Côte d'Ivoire na Kongo ya Wafaransa.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza alirudi Uingereza, akajifunza urubani, kisha akatumwa Afrika Mashariki kupigana na Wajerumani wa von Lettow-Vorbeck. Ndivyo mwindaji huyu alivyofika nchini mwetu, akiwa angani. Inasimuliwa kwamba alipendelea kuruka bila mwangalizi aliyepaswa kukaa naye kwenye ndege, ili apate nafasi ya kutumia bunduki yake mwenyewe. Mwanza yenyewe iliangukia mikononi mwa Waingereza Julai 1916, na majeshi yaliyokuja huku yalitoka ziwani. Bell alipelekwa baadaye Ulaya ya kusini, akatunukiwa nishani ya Military Cross.

Vita ilipokwisha alioa, akaishi Scotland. Alichapisha kitabu cha safari zake mwaka 1923, akichora picha kwa mkono wake. Miaka ya 1920 alirudi Afrika tena, safari hii kwa magari, akipita Chad na Sudan. Hakuipenda sana. Kwenye uzee alikuwa na mashua ya tanga aliyoshindania mbio, na aliwinda kulungu milimani kwa risasi ndogo kuliko hata ile ya Karamoja. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 30 Juni 1954, akiwa na miaka 73. Makala yake ya mwisho, akitetea bunduki ndogo dhidi ya kubwa, ilitoka katika jarida la Marekani akiwa tayari kaburini.

Waliomwiga

Tumemsimulia Bell kwa heshima anayostahili mtu anayejua kazi yake. Lakini tembo 1,011 ni tembo 1,011. Yeye mwenyewe alijivunia kwamba majike walikuwa 28 tu, na wapenzi wake hulitaja jambo hilo kama utetezi. Tunaona halitoshi. Madume wakubwa ndio wanaobeba mbegu ya pembe kubwa, na ndio hao hasa aliowachagua.

Lipo pia tatizo la waliomwiga. Wasomaji wa vitabu vyake walibeba bunduki ndogo bila kukata fuvu lolote kwa msumeno, bila mazoezi, bila Pyjale. Matokeo yalikuwa tembo wengi waliojeruhiwa na kuachwa, na mnyama aliyejeruhiwa anapoingia mashambani anayelipa si mwindaji. Kanuni za uwindaji za hapa Tanzania zinataka bunduki isiyopungua kipenyo cha .375 kwa wanyama hatari, tembo akiwemo. Bell akija leo na Rigby yake, ofisa wa wanyamapori angeitazama na kumrudishia.

Karamoja nayo haikubaki vile. Biashara ya pembe ilileta bunduki kutoka Ethiopia, silaha zikaenea mikononi mwa wafugaji, na mwaka 1911 serikali ya Waingereza ikawafukuza wafanyabiashara na kuifunga nchi hiyo kwa nguvu za kijeshi. Tembo walikuwa wameshapungua sana. Kwetu, hesabu za angani zilionyesha Tanzania ilikuwa na tembo wapatao 109,000 mwaka 2009, na miaka mitano baadaye takriban 43,000. Waliofanya hayo hawakuhitaji ustadi wa Bell. Walitumia bunduki za kivita, wakamimina risasi nyingi.

Basi za Musoma hupita Kisesa kila siku zikielekea Magu na Bunda, na abiria wa kule watakueleza kwamba tembo wameanza tena kuonekana karibu na mashamba ya mahindi. Wanaoshinda usiku wakiwafukuza hupiga madebe, na wangependa kelele iwe kubwa zaidi.